Kutoa Uzi Si Kutoa Mimba



Katika vitabu vya mafundisho kama hiki mmezoea kusoma habari za maji ya kuchemsha, chandarua na maziwa ya mama. Leo nataka kusema habari ambayo watu huinong'ona tu. Ni habari ya uzi ambao daktari huufunga katika shingo ya kizazi ili mimba isitoke, na ya maji ya uzazi yanayopasuka kabla ya miezi kutimia, uzi ungali ndani.

Nasema waziwazi kwa sababu neno baya limeenea kati yetu. Mama huletwa hospitali, maji yamepasuka. Uzi unakatwa. Mtoto anazaliwa mchanga mno, naye anakufa. Jamaa wanarudi kwao wakisema, "Mtoto alikuwa hai. Waliokata uzi ndio waliomwua." Neno hilo hukimbia kando ya ziwa, kutoka Baraka mpaka Kazimia, kuliko mtumbwi wenye injini. Mama mwingine mwenye uzi hulisikia, naye huliweka moyoni. Siku maji yake yanapopasuka, hafiki hospitali. Anajifunga vitambaa, anakaa kimya siku tatu, asije akakatwa uzi wake. Siku ya nne anabebwa kwa tipoyi, mwili unawaka kwa homa, maji yananuka. Siku hiyo hatuna tena mtoto wa kupigania. Twampigania mama mwenyewe, na pengine tunashindwa.

Kwa hiyo nasema fikira yangu tangu mwanzo, nanyi mtaipima: kutoa uzi si kutoa mimba. Maji yakipasuka mapema, uzi uliokuwa msaada waweza kugeuka kuwa hatari, na yafaa utolewe upesi, ila kama kuna sababu ya wazi ya kuuacha kwa saa chache. Tena, mama mwenye uzi asiende mbali bila barua, wala asingoje ruhusa ya mtu aliye mbali ndipo aje hospitali.

UZI HUU NI NINI?

Tumbo la uzazi ni kama kibuyu kilichogeuzwa, shingo yake chini. Muda wote wa mimba shingo ile hukaa imefungika. Wakati wa kuzaa ukifika, hulainika, hufupika, kisha hufunguka. Lakini kwa wanawake wengine shingo hufunguka mapema, katika mwezi wa nne, wa tano au wa sita, na pengine pasipo uchungu. Mama husikia uzito chini, huona ute au maji kidogo, na mara mtoto anatoka. Huenda shingo ilichanika vibaya katika kuzaa kwa kwanza, au ilikatwa kwa ajili ya ugonjwa, au ilifunguliwa kwa nguvu. Kwa wengine ndivyo walivyoumbwa. Si laana, wala si kijicho cha jirani. Mama mkwe asimtazame mke wa mwanawe kwa jicho baya kwa sababu hii.

Mwaka 1955 daktari V. N. Shirodkar wa Bombay, katika nchi ya India, alieleza namna ya kuifunga shingo hiyo. Mwaka 1957 Ian McDonald wa Melbourne, Australia, alieleza namna iliyo rahisi zaidi, nayo ndiyo inayotumika sana hata leo. Uzi wa nguvu huzungushwa kama kamba ya kufungia mdomo wa gunia, kisha hukazwa na kupigwa fundo. Kwa kawaida hufungwa kati ya juma la 12 na la 14 la mimba, nao hutolewa katika juma la 36 au la 37, kabla uchungu haujaanza. Kuutoa si kazi kubwa. Fundo likionekana vizuri, hukatwa kwa mkasi mrefu katika dakika chache, na mara nyingi mama hahitaji kulazwa usingizi.

UZI HAUNA AHADI

Watu wengine hufikiri kwamba mwenye uzi hawezi tena kupoteza mimba. Tena wengine, wakisikia jirani amefungwa uzi akazaa salama, huja na kusema, "Nami nifungwe." Sivyo. Mimba hutoka pia kwa ajili ya malaria, kaswende, ugonjwa wa mtoto mwenyewe, na mambo mengine ambayo uzi hauyawezi. Uzi ni wa mama aliyepoteza mimba mara kwa mara katika miezi ya katikati, hasa mara tatu au zaidi. Ni pia wa mama aliyewahi kuzaa kabla ya wakati au kupoteza mimba ya namna hiyo, ikiwa ekografia inaonyesha kwamba shingo imefupika chini ya milimita 25 kabla ya juma la 24.

Mwaka 1993 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliosimamiwa na Waingereza, juu ya wanawake 1,292 katika nchi 12. Madaktari walikuwa na shaka kama uzi utawasaidia. Wengine walifungwa uzi, wengine hawakufungwa ila ilipobidi. Kati ya wenye uzi, 13 katika kila 100 walizaa kabla ya juma la 33. Kati ya wale wengine, 17 katika kila 100. Maana yake, ilipasa kufunga nyuzi 25 hivi ili mama mmoja aepushwe na kuzaa mapema namna hiyo. Waliopata faida ya wazi ni wale waliokuwa wamepoteza mimba au kuzaa kabla ya wakati mara tatu au zaidi.

Sisemi hivi ili niwakatishe tamaa. Uzi ni zawadi njema kwa yule anayeuhitaji. Lakini aliyeambiwa tangu mwanzo kwamba uzi ni msaada tu, hatasema siku ya msiba kwamba amedanganywa, wala hatatafuta mtu wa kumshitaki.

MAJI YAKIPASUKA

Mtoto anakaa ndani ya maji, na maji yamo ndani ya mfuko. Mfuko ule ni kama ukuta wa nyumba. Ukipasuka, wadudu wadogo wa ugonjwa waliomo katika njia ya uzazi wanapata mlango, nao hupanda juu. Sasa fikirini ule uzi. Ni kitu kigeni katika mwili. Wavuvi wa Baraka wanajua kwamba kamba iliyoachwa ziwani haikawii kushika utelezi. Vivyo hivyo wadudu hushika juu ya uzi, na kutoka hapo huingia kwa mtoto na katika damu ya mama.

Tena kuna hatari ya pili. Maji yaliyopasuka mara nyingi huleta uchungu, uzi uwepo au usiwepo. Tumbo likianza kusukuma, na shingo imefungwa kwa uzi, kitu kimoja kitashindwa. Aidha uzi utakatika, aidha utaichana shingo, na damu nyingi itamwagika. Zaidi ya hayo, kitovu cha mtoto chaweza kutangulia na kubanwa, na maji yakiisha mapema mno mapafu ya mtoto hayakui vizuri.

Je, wadudu hawa huua upesi? Sikilizeni habari iliyojulikana ulimwenguni pote. Mwaka 2012, katika mji wa Galway, nchi ya Ireland, mama mmoja aliyeitwa Savita Halappanavar alilazwa hospitali mimba yake ikiwa ya majuma 17. Maji yake yalipasuka. Yeye hakuwa na uzi, lakini wadudu waliingia katika damu yake. Aliingia hospitali tarehe 21 Oktoba, akafa tarehe 28. Uchunguzi ulionyesha kwamba dalili za ugonjwa hazikufuatwa na kupimwa ipasavyo. Ikiwa jambo hili liliweza kutokea katika hospitali kubwa ya Ulaya, yenye damu na dawa na umeme usiku na mchana, je, mama aliyejificha ndani ya nyumba yake huko Lulimba atakuwaje?

Kwa hiyo, mama, ukiona maji yanatoka, usijiulize sana kama ni mkojo. Mkojo hutoka na kukoma. Maji ya uzazi huendelea kuvuja, hasa ukisimama au ukikohoa, wala hayana harufu ya mkojo. Weka kitambaa safi, angalia rangi na harufu, shika fishi yako, uje siku ile ile. Mtu asitie kidole ndani kukupima, hata mkunga wa kijiji, kwa maana kila kidole hupandisha wadudu. Usilale na bwana yako. Usitiwe majani wala dawa ya bomba. Usinywe dawa ya miti ya kuharakisha kuzaa, maana kwa mwenye uzi dawa ile ni sumu mara mbili.

UZI UTOLEWE LINI?

Hapa ndipo watu hubishana, nami nitaeleza kwa utaratibu.

Kwanza, ikiwa kuna homa, au moyo wa mama unapiga zaidi ya mara 100 kwa dakika, au tumbo linauma likiguswa, au maji yananuka, au damu inatoka, au uchungu umeanza, uzi utolewe mara moja. Hatuulizi mimba ni ya majuma mangapi. Mtoto hawezi kuponea ndani ya tumbo lenye usaha. Akibaki humo atakufa, na mama yake atamfuata.

Pili, ikiwa mimba imefika juma la 34 au zaidi, hakuna sababu ya kuuacha uzi. Mtoto wa umri huo, akitunzwa vizuri, huishi mara nyingi.

Tatu, ikiwa mimba haijafika juma la 23, kuuacha uzi hakujaonekana kuwa na faida. Mtoto wa umri huo ni nadra sana kuishi nje ya tumbo, hata katika nchi za matajiri. Na hapa kwetu, pasipo mashine za kumsaidia kupumua, hata mtoto wa juma la 26 ni wa mashaka makubwa. Ni neno gumu kumwambia mama, nasi hulisema tukiwa tumeketi karibu naye, si tukiwa tumesimama mlangoni.

Nne, ipo mimba ya katikati, yaani kati ya juma la 24 na la 34, nayo haina dalili yoyote ya ugonjwa wala uchungu. Hapa madaktari wa uzazi wa Uingereza wanaruhusu uzi uachwe kwa muda wa saa 48. Kwa nini saa hizo? Ili mama apewe dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto, na ili apelekwe penye hospitali yenye uwezo. Dawa hiyo ni deksametazoni, sindano nne, moja kila saa 12. Mwaka 2020 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza uchunguzi uliofanyika Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh. Pasipo dawa hiyo walikufa watoto karibu 24 katika kila 100 waliozaliwa hai kabla ya siku zao. Kwa dawa walikufa karibu 20. Ni watoto wanne katika mia, na kila mmoja wao ana mama. Lakini shirika hilo hilo linaonya kwamba dawa itolewe pale tu ambapo umri wa mimba unajulikana, mama hana ugonjwa wa wadudu, na kuna mahali pa kumtunza mtoto mchanga.

Pamoja na sindano hizo, mama hupewa pia eritromisini, dawa ya kuua wadudu, kwa siku 10. Msiende kununua dawa yoyote sokoni kwa kubahatisha. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba dawa nyingine ya kuua wadudu, iliyochanganya mbili katika moja, iliongeza ugonjwa mbaya wa matumbo kwa watoto wachanga. Si kila dawa inayoua wadudu ni rafiki wa mtoto.

WANAOSEMA, "UUACHENI"

Wako wanaosema, "Uacheni uzi, labda mtoto atapata majuma mengine mawili." Nawaheshimu, maana wanasema kwa upendo. Hata madaktari wengine waliwaza hivyo zamani, na wako wanaowaza hivyo leo. Mwaka 2014 huko Marekani yalitangazwa matokeo ya uchunguzi juu ya wanawake 56 ambao maji yao yalipasuka wakiwa na uzi. Kura ndiyo iliyoamua nani atolewe uzi na nani aachiwe. Uchunguzi ulikomeshwa kabla ya mwisho wake, kwa kuwa walioachiwa uzi hawakuonekana kupata faida. Mimba zao hazikudumu kwa namna iliyo wazi kuliko za wale wengine. Wanawake 56 si wengi, nasi hatuwezi kujenga nyumba nzima juu ya jiwe moja. Lakini jiwe hilo linatosha kuvunja neno lile la kwamba anayekata uzi ndiye anayemwua mtoto. Mama aliyetolewa uzi aweza kukaa siku kadhaa, pengine majuma, mtoto angali ndani. Na aliyeachiwa uzi aweza kuzaa kesho. Maji ndiyo yaliyovunja safari, si mkasi.

Wako wengine wanaosema, "Tumeomba kwa ajili ya uzi huu. Kuutoa ni kukosa imani." Ndugu, uzi hatukuombea uwe mungu wetu. Tuliomba mtoto na mama wahifadhiwe. Daktari alipoufunga, tulishukuru kwa mkono wake. Anapoukata ili mama asife, mkono ni ule ule na kusudi ni lile lile. Anayeomba na aombe, lakini aombe akiwa njiani kwenda hospitali.

Na wako wanaosema, "Ulaya wanangoja, kwa nini ninyi hamngoji?" Hapa ndipo fikira yangu inapokaza zaidi. Saa 48 za Ulaya ni saa za kufanya kazi. Mama amelala, damu yake inapimwa, homa yake inapimwa, moyo wa mtoto unasikilizwa, na chumba cha kupasulia ki karibu. Wakiona dalili moja tu, uzi waweza kutolewa upesi. Saa 48 za nyumbani huko Misisi au kule rasi ya Ubwari si saa hizo. Ni saa za giza. Kungoja bila kupima ni kumwacha mama peke yake na adui asiyeonekana.

NJIA ZETU

Ninyi mnaosoma mnazijua njia zetu. Kutoka Kazimia ni ziwa, na ziwa likichafuka hakuna anayesukuma mtumbwi. Kutoka Lulimba na Misisi ni barabara ya matope wakati wa mvua. Kutoka milima ya Fizi ni kushuka kwa pikipiki, mama akishikiliwa katikati ya watu wawili. Kwenda Uvira, na mbele yake Bukavu, ni mbali, na mara nyingi vita vimeifunga njia. Huko Bukavu, katika hospitali ya Panzi iliyofunguliwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, wametengenezwa wanawake wengi walioumizwa na uzazi mbaya. Tunashukuru. Lakini mwenye maji yaliyopasuka leo hawezi kuishi kwa hospitali atakayoifikia juma lijalo.

Kwa sababu ya njia hizi natoa mashauri manne, nami naomba yasomwe pia mbele ya kanisa.

La kwanza ni letu sisi wauguzi na madaktari. Mama asifungwe uzi akatumwa nyumbani mikono mitupu. Apewe barua, nayo iandikwe kwa herufi zinazosomeka: siku uzi ulipofungwa, mimba ilikuwa ya majuma mangapi, ni uzi wa namna gani, fundo liko upande gani, na siku ya kuutoa. Nyuzi nyingine huzikwa chini ya nyama na hutaka chumba cha kupasulia. Nyingine, zilizofungwa kwa kupasua tumbo, haziwezi kutolewa kwa njia ya chini kabisa. Muuguzi wa kituo cha afya usiku, mwenye taa ya mkononi tu, atajuaje haya pasipo barua? Tena, mama aelezwe siku ile ile ya kufungwa, na bwana yake akiwepo, kwamba maji yakipasuka uzi huenda ukatolewa. Neno hilo lisingoje saa ya hofu.

La pili ni la waume. Wengi wenu mko machimboni, au ng'ambo ya ziwa huko Kigoma kwa biashara. Mke akipatwa, jamaa wanasema, "Tumngoje bwana aseme." Simu haipatikani, siku inapita, homa inapanda. Bwana mwenye hekima hutoa ruhusa kabla hajasafiri. Mwambie mkeo, mama yako na jirani yako: "Maji yakipasuka, aende. Uzi ukitakiwa kutolewa, utolewe. Feza hizi hapa." Maneno hayo ni mafupi, nayo yaokoa maisha.

La tatu ni la mama mwenyewe. Mwenye uzi akae karibu na hospitali kadiri awezavyo, hasa kuanzia mwezi wa sita. Ikiwa una ndugu Baraka, Nundu au Fizi, usione haya kukaa kwake. Asiyeweza kuondoka kwake na aijue njia, mwenye pikipiki na mwenye mtumbwi kabla ya siku ya shida.

La nne ni la kanisa. Tunachanga feza kwa mazishi, nayo ni desturi njema. Lakini mbona twachanga upesi kwa jeneza na polepole kwa safari ya mgonjwa? Kila kanisa liweke mfuko mdogo wa safari ya akina mama. Na makanisa yaliyo karibu na hospitali yafungue chumba kimoja cha wageni, chenye kitanda, chandarua na jiko, kwa ajili ya mama wanaongoja. Wazee wa kanisa wanaweza kulifanya jambo hili bila kungojea msaada kutoka ng'ambo.

MTOTO AKIZALIWA MAPEMA

Tusidhani kwamba mtoto aliyezaliwa mapema ni lazima afe. Mwaka 1978 huko Bogotá, nchi ya Colombia, daktari Edgar Rey alikosa mashine za joto za kutosha, akawafundisha mama kuwabeba watoto wachanga kifuani, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanyika Ghana, Malawi, Nigeria, Tanzania na India, juu ya watoto wenye uzito kati ya kilo 1 na kilo 1.8 hivi. Waliobebwa kifuani tangu mara tu baada ya kuzaliwa walikufa 12 katika 100. Waliongojewa kwanza wapate nguvu ndipo wabebwe walikufa karibu 16 katika 100. Kifua cha mama hakihitaji umeme, wala barabara. Baba naye aweza kumbeba mtoto vivyo hivyo, na mama mkwe pia. Na mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama yake, au akamuliwe na kunyweshwa kwa kikombe kidogo ikiwa hawezi kunyonya.

Na ikiwa mtoto amekufa, mpeni mama nafasi ya kulia. Mpeni mtoto jina mkipenda, mzikeni kwa heshima. Msimwulize mama, "Kwa nini uliruhusu?" Aliruhusu ili aishi, na watoto wake wa nyumbani bado wana mama. Mimba nyingine ikija, aje mapema, aonwe na daktari, apimwe tena. Kupoteza mtoto mmoja kwa njia hii si kufungiwa mlango wa uzazi.

MANENO YA KUKUMBUKA

1. Maji yakitoka kabla ya wakati, njoo siku ile ile. Usingoje uchungu, wala homa, wala bwana.

2. Neno la kwanza utakalomwambia muuguzi ni hili: "Nina uzi." Mwonyeshe barua yako.

3. Kidole, majani, dawa ya bomba na dawa ya kuharakisha kuzaa ni mwiko kwako.

4. Homa, harufu mbaya, damu, maumivu ya tumbo au uchungu: uzi hutolewa pasipo kukawia.

5. Pasipo dalili hizo, kati ya juma la 24 na la 34, waweza kuachwa kwa saa 48 ukiwa hospitalini tu, kwa ajili ya sindano na safari.

6. Aliyekata uzi hakumwua mtoto. Asiyesema hivyo kijijini anasaidia kuua mama mwingine.

Katika kitabu cha Mwanzo mnasoma habari za Raheli. Alishikwa na uchungu njiani, naye alikufa njiani, na Yakobo akasimamisha nguzo juu ya kaburi lake. Barabara zetu za Fizi zina makaburi ya namna hiyo, ingawa hayana nguzo. Raheli hakuwa na hospitali ya kuifikia. Mama zetu wanayo, hata kama ni mbali, hata kama haina kila kitu. Basi tusiwazuie kwa maneno yetu. Jioni hii, mtu mwenye kitabu hiki na amsomee jirani asiyejua kusoma, hasa yule ambaye mnajua kwamba ana uzi.